Bushi isiyotaka grisi: nilivyotengeneza upya skrubu ya alizeti Kibaigwa

Skrubu inayopandisha mbegu za alizeti kutoka kwenye hopa hadi mdomoni mwa mashine ya kukamulia haina shida ikiwa fupi. Beringi mbili, moja kila mwisho, zinatosha. Ikifika mita tano au sita inalemewa na uzito wake, inapinda katikati na kuanza kukwaruza bomba. Hapo inahitaji beringi ya tatu, inayoning'inia katikati: bushi, yaani kipande cha duara chenye tundu ambamo shafti, mhimili wa skrubu, inazunguka. Zile mbili za mwisho ziko nje, unazifikia kwa mkono. Hii ya katikati iko ndani ya bomba, na mbegu zinaizunguka muda wote mashine inapofanya kazi.

Ninachora na kutengeneza mashine za mazao hapa Dodoma, karakana yetu iko Kizota, na niliitwa kuitazama beringi hiyo kwenye kiwanda kidogo cha mafuta Kibaigwa. Mwenye kiwanda ni mama mtu mzima anayeijua mashine yake kwa sauti. Baada ya shikamoo akanipeleka moja kwa moja kwenye bomba. "Mwanangu, grisi naipiga kila asubuhi kabla ya kuwasha," akaniambia, "na bado kila msimu inakula bushi. Mwaka jana imekula mpaka shafti." Bushi ilikuwa ya shaba, imekerezwa vizuri tu. Fundi aliyeitengeneza alikuwa amefanya kazi yake.

Tatizo lilikuwa grisi yenyewe. Alizeti nyingi ya huku hupigwa chini, juu ya turubai ikiwa turubai lipo, na inafika kiwandani ikiwa na mchanga. Kwenye beringi iliyofungwa, grisi husaidia kuzuia vumbi. Kwenye bushi iliyo wazi katikati ya mbegu, grisi inalikamata vumbi na kukaa nalo, na mchanganyiko huo unakula chuma kama msasa. Halafu kuna jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko shafti: grisi inayotoka pale haina pengine pa kwenda ila kwenye mbegu, na mbegu zile ni mafuta ya watu ya kupikia. Nikaamua kwamba bushi mpya lazima izunguke kavu.

Nilikuwa na plastiki tatu za kuchagua. Nailoni ndiyo ya kwanza kufikiriwa na wengi, kwa sababu ni ngumu na inapatikana. Lakini nailoni hunywa maji. Nailoni 6 ikikaa kwenye hewa ya unyevu wa kawaida hubeba maji karibu asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, na ikilowekwa mpaka ishibe hukaribia asilimia 9. Ikinywa, inavimba. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo hewa hukauka kwelikweli. Bushi ya nailoni iliyokerezwa kwa kipimo kizuri Septemba inaweza kuibana shafti Februari. Ya pili ni ile polietilini nzito inayoitwa UHMWPE. Hiyo maji haiyajali, inateleza sana na inavumilia mchanga, ila ni laini, inatanuka mno kwa joto, na haitakiwi kufanya kazi juu ya nyuzi 80 hivi. Ya tatu ni asetali, ambayo kwenye orodha za wauzaji huandikwa POM. Hunywa maji kidogo sana, inakerezeka vizuri, inashika kipimo, na zipo aina zake za rangi ya asili zinazoruhusiwa kugusana na chakula. Nikachukua asetali. Mwenzangu mwingine angechagua UHMWPE na nisingebishana naye.

Kabla ya kununua nilipiga hesabu ambayo nawasihi wachoraji wenzangu wasiiruke, yaani mkandamizo mara mwendo. Shafti ni milimita 40 na inazunguka mara 60 kwa dakika, kwa hiyo uso wake unatembea mita 0.126 kwa sekunde. Uzito unaoangukia katikati ni kama kilo 30, sawa na nyutoni 300. Ukiugawa kwa kipenyo cha shafti mara urefu wa bushi, yaani 40 kwa 50, unapata nyutoni 0.15 kwa kila milimita mraba. Zidisha na ule mwendo: 0.019. Kikomo cha asetali tupu ikifanya kazi bila mafuta ni karibu 0.1. Tulikuwa na nafasi ya mara tano. Nilipoiona namba hiyo nilijua kwamba adui yetu pale hakuwa uzito wala joto la msuguano. Alikuwa mchanga peke yake.

Na mchanga una tabia yake kwenye plastiki. Chembe haivunjiki wala haitoki. Inazama kwenye bushi laini, inakaa pale, kisha inaichora shafti. Kwa hiyo bushi mpya peke yake isingemsaidia mama. Niliongeza chekecheke mbele ya hopa ili mchanga udondoke kabla ya mbegu kuingia, na kwenye shafti nikavika mkono, yaani bomba fupi, wa chuma kilichokomazwa kwa moto kuwa kigumu, unaofungwa kwa skrubu ndogo. Ukichoka, unabadilishwa huo mkono na shafti inabaki salama.

Asetali nilifuata Dar es Salaam. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, mtu unaweza kushuka asubuhi, ukazunguka maduka ya Gerezani na kulala kwako. Shida ni kwamba kaunta ya duka ina fimbo nyeupe za kila aina, zote zinafanana, na muuzaji naye mara nyingi hajui zaidi ya bei. Kuna watu hujaribu kwa kiberiti. Msifanye hivyo: asetali ikiungua hutoa fomaldehaidi, gesi yenye sumu. Mizani inatosha. Fimbo ya kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 300 ikiwa asetali huwa na uzito wa gramu 830 hivi, nailoni gramu 670, na UHMWPE gramu 555. Tofauti hizo hata mizani ya duka la nafaka inaziona. Kama huna mizani, omba vipande vidogo vya mabaki na glasi mbili za maji. Katika maji matupu UHMWPE inaelea, zile nyingine mbili zinazama. Glasi ya pili koroga chumvi ya mezani mpaka isiyeyuke tena: humo nailoni inaelea na asetali inazama. Nilifanya jaribio hilo kwenye kaunta, na kijana wa dukani akaenda kuita wenzake waje waone.

Mchoro niliufanya kwa FreeCAD. Ni programu ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na faili linabaki kwenye kompyuta yako. Onshape nimeitumia pia na ni nzuri, lakini inataka mtandao muda wote, na akaunti yake ya bure ni ya kazi zisizo za biashara, michoro yake ikiwa wazi kwa kila mtu. Kwa karakana inayochorea wateja hilo halifai. FreeCAD ilikuwa na ugonjwa wa miaka mingi: ukirudi nyuma kubadilisha hatua ya mwanzo ya mchoro, programu ilipoteza hesabu ya nyuso na pembe, na matundu yaliyochorwa baadaye yakahamia mahali pasipo pake. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, limepunguza sana tatizo hilo, na limekuja na sehemu yake ya kuunganishia vipuri ndani kwa ndani. Vipimo vyote vya skrubu niliviweka kwenye jedwali: kipenyo cha shafti, unene wa bushi, nafasi ya kupumua, yaani uwazi unaoachwa kati ya bushi na shafti. Mteja wa Bahi akija na shafti ya milimita 35, nabadilisha namba moja na bushi, kishikio na matundu ya bolti vinajipanga vyenyewe. Kishikio, ambacho kimekatwa kwenye bamba la chuma, nilikipima nguvu humohumo kwa CalculiX, programu ya kukokotoa uimara wa vipuri, kabla ya kukipeleka kukatwa.

Nafasi ya kupumua ndiyo inayowasumbua mafundi waliozoea shaba. Asetali hutanuka kama mara tisa ya chuma. Kipande cha milimita 40 kikipata joto la nyuzi 40 zaidi kinaongezeka milimita 0.18 hivi, wakati chuma kinaongezeka 0.02 tu. Asubuhi ya Julai Kibaigwa ni baridi. Mchana wa Novemba chini ya bati, mashine ikiwa imefanya kazi tangu alfajiri, ni habari nyingine. Na kwa kuwa bushi imebanwa na chuma kwa nje, inatanukia ndani, upande wa shafti. Niliandika nafasi ya milimita 0.35. Fundi wetu wa kukereza aliitazama ile namba na kuniuliza, "Injinia, hii si italia kokoro-kokoro?" Nikamweleza, akakubali, akatumia kisu kikali na kukata polepole. Kisha kipande tukakiacha kipoe usiku kucha kabla ya kukipima, maana plastiki iliyotoka kwenye mashine ikiwa ya moto inadanganya venia, kifaa chetu cha kupimia.

Kabla ya kukereza nilichapa bushi ya majaribio kwa mashine ya kuchapa vitu (printa ya 3D), kwa plastiki ya PLA, kuona kama matundu yanakutana. Kwa kazi hiyo inafaa kabisa. Kwa kazi ya kudumu huku kwetu haifai, kwa sababu hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na ukiisahau kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani utaikuta imepinda.

Beringi za mwisho nilibaki na plama, yaani beringi zilizo ndani ya kikalio chake cha chuma, za UCP 208, zile zenye midomo mitatu ya mpira. Zile za kawaida ni nafuu lakini kwa vumbi hili tofauti ya bei inarudi haraka.

Msimu ulipoisha tukafungua bomba, mama mwenyewe akishika tochi. Bushi ilikuwa imelika kidogo upande wa chini, bado iko ndani ya kipimo nilichoandika kwenye mchoro kuwa ndio mwisho wa kuitumia. Mkono wa chuma ulikuwa na mistari ya juujuu tu, na shafti haikuguswa. Pampu ya grisi sasa inatumika kwenye plama za mwisho peke yake. Mama nimemwachia mchoro uliochapishwa pamoja na kipande cha asetali kinachotosha bushi mbili, na fundi wa hapohapo Kibaigwa ameshakereza moja ya akiba.