Siku niliyokuta mlango umefungwa

Miaka ile nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, na nakiri nilikuwa mwenyekiti wa kila kitu. Sala ya kufungua mimi, kusoma mimi, swali nauliza mwenyewe na wakikawia kidogo tu najijibu mwenyewe. Tulikuwa kama 14 hivi, tunafuata zile hatua saba za kusoma na kushirikishana Neno, za taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ila ukweli ni kwamba sisi tulikuwa na hatua sita tu, maana ile ya sita, pale mnapokaa kuulizana sasa Neno hili linatutuma kufanya nini, nilikuwa naipitisha mbio kwa "haya ndugu zangu tukaliishi Neno", halafu sala, tunatawanyika. Na hapo wiki 3 mfululizo nafundisha utume! Luka 10, wametumwa wawili wawili, mpaka mishale nimewachorea kwenye karatasi.

Siku hiyo kazini wakanichelewesha, simu imezima chaji, nafika saa nzima imeshapita nakuta mlango umefungwa na taa imezimwa. Nikakasirika yaani, moyoni nasema si mnaona, nisipokuwepo mimi hakuna jumuiya. (Hasira ile ilikuwa na utamu wake, nisidanganye.)

Mtoto wa jirani ndo akaniambia wameenda nyumba ya nyuma. Kule kulikuwa na mama anauguza mumewe, wala si wa kanisa letu, tulishamtaja kwenye maombi mara nyingi sana na hodi hatujawahi kumpigia hata siku moja. Naingia nakuta wawili uani wanafua mashuka, wawili wanamgeuza mgonjwa kitandani, na yule kaka ambaye kwenye ibada hafunguagi mdomo, mimi nilishamhesabu kuwa kapoa kiroho, amekaa chini na watoto anawasaidia homuweki huku wanacheka.

Nikamvuta pembeni mama yetu mmoja mtu mzima, nikamuuliza hivi nani kapanga haya? Akaniangalia weee. "Mwenyekiti, tumesoma wenyewe, tukafika ile ya sita, na wewe haupo wa kutukatisha, ikabidi tuijibu." Akanipa ndoo.

Nikaenda kuchota maji kimya kimya.

Usiku usingizi ukagoma, nikafungua Kutoka 18, pale Yethro anamwambia Musa utachoka wewe na hao watu wako pia, weka wakuu mpaka wa makumi. Kumi! Sisi 14 tulikuwa na mkuu mmoja, na somo hilohilo nilishalifundisha kwenye semina ya viongozi kwa sauti kubwa tu.

Wiki iliyofuata nikamwachia yule kaka mkimya aongoze. Alitetemeka, akakosea ukurasa, tukamsubiri. Kabla hajaanza katibu akatusomea daftari la wiki iliyopita, mstari mmoja tu: "Tumekutana. Mwenyekiti alichelewa."