Umri wa draiva: kipimo changu cha kwanza ninapochagua laptopu ya gemu

Anayetafuta laptopu ya gemu huulizia kwanza kadi ya grafiksi, kisha RAM, kisha ukubwa wa diski, na mazungumzo yanayobaki huwa ya bei. Mimi ningependa swali jingine litangulie yote hayo: kampuni iliyotengeneza chipu ya grafiksi itaendelea kuiandikia draiva mpaka lini? Draiva ndiyo programu inayopokea maagizo ya gemu na kuyageuza kuwa kazi ambayo chipu inaielewa, na gemu kubwa inapotoka, mara nyingi draiva nayo hurekebishwa ili gemu hiyo isikwame, isijifunge yenyewe wala kuonesha picha zilizovurugika. Mwenye kompyuta ya mezani, draiva zikikoma, huchomoa kadi na kuweka nyingine. Kwenye laptopu nyingi chipu hiyo imelehemiwa kwenye madabodi, hivyo draiva zinapokoma hakuna kinachoweza kubadilishwa isipokuwa mashine nzima.

Chukua mfano wa NVIDIA, kwa kuwa ndiyo inayotawala katika laptopu za gemu. Mwezi Agosti 2016 zilitoka laptopu zenye chipu za GTX 1060, 1070 na 1080, zote za kizazi kinachoitwa Pascal. Draiva za kuandalia gemu mpya kwa kizazi hicho zilifikia kikomo Oktoba 2025, na kilichobaki ni masasisho ya usalama ya kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Miaka tisa ya kuhudumiwa kikamilifu ni mingi, na aliyenunua mwaka ule wa kwanza hana la kulalamika. Lakini mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilitangaza chipu ndogo ya laptopu iitwayo MX350, na ndani yake mlikuwa na Pascal ileile. Mwanafunzi aliyeinunua mwaka huo, ikiwa mpya kabisa kwenye boksi, alipata miaka mitano tu, kwa sababu saa ya draiva ilikuwa imeshaanza kuhesabu miaka minne kabla hajaiona dukani.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo ningetaka kila mnunuzi alishike: miaka ya draiva huhesabiwa tangu kizazi cha chipu kilipozaliwa. Tarehe iliyo kwenye risiti haibadilishi chochote, na punguzo kubwa la bei mara nyingi lina maana kwamba sehemu nzuri ya miaka hiyo imeshaliwa.

Majina ya bidhaa hayasaidii katika hesabu hii, na nyakati nyingine hupotosha. RTX 2050 ya laptopu, kwa tarakimu zake, inaonekana kuwa ndugu wa RTX 2060 ya kizazi cha Turing, ambacho kilianza mwaka 2018. Ukweli ni kwamba imejengwa juu ya kizazi cha Ampere kilichoingia sokoni mwaka 2020, kwa hiyo kwa upande wa draiva inatarajiwa kuishi na RTX 3050 kuliko na wale wanaofanana nayo kwa jina. Kwa AMD, mshindani wa NVIDIA, upotoshaji ulikwenda upande wa pili: mwaka 2023 zilitoka prosesa za Ryzen zenye namba za elfu saba, mfano 7530U, ambazo grafiksi yake ni Vega, kizazi kilichoanza mwaka 2017. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo AMD iliihamishia Vega kwenye mkondo wa pembeni wa draiva, wenye masasisho machache. Mtu alikuwa ananunua mashine ya mwaka huo yenye grafiksi ambayo mtengenezaji wake alikuwa tayari ameanza kuiaga.

Mwaka 2025 ulinifanya nilitazame suala hili kwa uzito zaidi, kwa sababu kampuni zote tatu, Intel, NVIDIA na AMD, zilipunguza huduma ndani ya miezi michache. Intel ilihamisha grafiksi za prosesa zake kuanzia kizazi cha 11 hadi cha 14 kwenye utaratibu wa masasisho ya kila robo mwaka, bila maandalizi ya siku ya kwanza kwa gemu mpya, ingawa laptopu zenye prosesa za kizazi cha 14 zilianza kuuzwa mwaka 2024. NVIDIA ikafunga ukurasa wa Pascal. AMD nayo ilitangaza kwamba kadi za RX 5000 na RX 6000 zinaingia katika hali ya matunzo, na baada ya wateja kulalamika kwa nguvu ikafafanua kuwa gemu mpya zitaendelea kuhudumiwa, ila kwa mkondo wa draiva uliotengwa. Ufafanuzi huo niliupokea vizuri. Hata hivyo, RX 6000 za laptopu zilianza kutoka mwaka 2021, na kutengwa baada ya miaka minne ni mapema mno kwa kifaa ambacho familia nyingi hukinunua kwa kukusanya fedha kwa muda mrefu.

Kwa nini niitaje Intel wakati tunazungumzia kadi za gemu? Kwa sababu katika laptopu nyingi picha iliyochorwa na chipu kubwa hupitia kwenye grafiksi ndogo ya prosesa kabla ya kufika kwenye skrini. Mashine hiyo inategemea draiva mbili, na mkataba wa kila moja una tarehe yake. Laptopu yenye RTX 3060 iliyounganishwa na Ryzen 7 5800H ina Ampere ambayo bado inahudumiwa vizuri, pamoja na Vega ambayo imeshawekwa pembeni. Hilo halinizuii kuinunua, lakini nalizingatia ninapojadiliana bei.

Vilevile laptopu haihudumiwi sawasawa na kompyuta ya mezani hata pale chipu zinapokuwa za kizazi kimoja. Kepler ya NVIDIA ilitoka mwaka 2012. Kadi zake za mezani ziliendelea kupokea draiva za gemu hadi mwaka 2021, wakati Kepler za laptopu ziliachwa Aprili 2019, na hata masasisho yake ya usalama yakakoma Aprili 2020. Wenye laptopu walitangulia kuachwa kwa zaidi ya miaka miwili, na ndio hasa wasioweza kubadilisha kadi. Jambo hilo sikulipenda wakati ule na silipendi hadi leo.

Draiva zikikoma, mashine haizimiki. Gemu za zamani huendelea kuchezeka kama kawaida, na anayecheza gemu zilezile tangu miaka ya nyuma anaweza asione tofauti kwa muda mrefu. Matatizo huja na gemu mpya, ambayo inaweza kugoma kufunguka hadi ipate draiva ambayo haitatoka kamwe. La pili ni usalama, kwani sehemu ya draiva ya grafiksi hufanya kazi katika kiini cha mfumo endeshi, na tundu lililobaki humo humpa mshambuliaji nafasi kubwa kuliko tundu katika programu ya kawaida. La tatu linawahusu wengi wetu Afrika Mashariki, ambao hununua laptopu ya gemu ili mchana ihariri video za harusi au ifanye kazi za Blender, programu ya kuchora picha za 3D. CUDA ni programu ya NVIDIA inayowezesha programu za kazi kutumia nguvu ya chipu zake; toleo lake la 13, lililotoka mwaka 2025, limeacha kuihudumia Pascal, hivyo programu za kazi zitakazojengwa juu yake zitaiacha chipu hiyo hata kama nguvu yake bado inatosha.

Sasa tuingie dukani. Kariakoo, na katika maduka ya kompyuta ya katikati ya Nairobi, sehemu kubwa ya mashine ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzimudu zimeshatumika nje ya nchi. Mpwa wangu aliponiomba ushauri alikuwa ameona mbili za bei inayokaribiana: moja ina GTX 1070, nyingine ina RTX 3050. Uamuzi huo si mwepesi. GTX 1070 ina GB 8 za kumbukumbu ya grafiksi, wakati RTX 3050 aliyoiona ilikuwa na GB 4, na nguvu zao za kuchora hazitofautiani sana. Ukitazama leo tu, ile ya zamani ina hoja nzito, kwa sababu GB 4 hubana gemu nyingi za sasa kabla hata draiva haijawa tatizo. Lakini GTX 1070 haitapata tena maandalizi ya gemu mpya, na mara nyingi huambatana na prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, kama i7-7700HQ, isiyo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika kwa Windows 11, huku huduma ya kawaida ya Windows 10 ikiwa ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nilimshauri aiache, aendelee kuweka akiba kidogo na kutafuta RTX 3060 yenye GB 6, kwa maana anataka mashine ya kumfikisha mwisho wa chuo.

Anayekusudia kutumia Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, afanye hesabu yake peke yake. Huko msimbo wa draiva za AMD uko wazi kwa yeyote, nazo hutunzwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na katika Mesa, mradi wa pamoja wa draiva za grafiksi, kiasi kwamba chipu za mwaka 2012 bado zinafanyiwa kazi na watu wasio waajiriwa wa AMD. Kwa mtu huyo RX 6600M iliyotengwa kwenye Windows ni chaguo zuri kabisa. Moduli za wazi za NVIDIA, yaani sehemu za draiva yake zenye msimbo wazi, zinaanzia Turing, na chini ya hapo sishauri kununua.

Kabla ya kulipa, naomba laptopu iwashwe, kisha nafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure ninayoibeba kwenye flashi. Inaonesha jina halisi la chipu bila kujali kibandiko kilichobandikwa nje: GM ni Maxwell, GP ni Pascal, TU ni Turing, GA ni Ampere, AD ni Ada. Baada ya hapo naingia kwenye tovuti ya NVIDIA au AMD yenyewe, kwa kuwa watengenezaji wa laptopu mara nyingi huacha kusasisha kurasa zao mapema, nashusha draiva ya karibuni na kuiweka hapohapo mbele ya muuzaji. Ikikubali na mashine ikawaka tena bila kasoro, tunaanza kuzungumza bei. Muuzaji asiyeruhusu jaribio hilo namshukuru, nami naenda duka linalofuata.