Nilivyopima programu ya simu na wakulima wa korosho Tandahimba

Ukimwonyesha mkulima wa Tandahimba programu uliyoitengeneza na kumwuliza kama ni rahisi, atakwambia ni nzuri sana. Umekwenda kwake mgeni, umemwamkia, amekukaribisha mkekani. Hawezi kukwambia kitu chako hakifai. Hiyo ni adabu, na ninaiheshimu, lakini haikwambii skrini yako inaeleweka au la. Nimepima programu na watumiaji wenyewe huku Mtwara, na nawaandikia wenzangu mnaotengeneza mifumo ya wakulima: njia tunazozisoma zinafaa, ila zikifika kijijini lazima zipangwe kufuata mazungumzo ya watu wa hapo.

Programu ilikuwa ya wanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho huku zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka magunia chamani, karani anapima na kutoa risiti, mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, kisha pesa inaingia benki ikiwa imeshakatwa makato. Katikati hapo watu wanakaa na maswali. Tulitaka mwanachama aone kwenye simu kilo zake zimefikia wapi na amelipwa kiasi gani.

Njia maarufu ya kupima ni kumpa mtu kazi ya kufanya kwenye skrini na kumwomba aseme kwa sauti kila anachowaza. Clayton Lewis wa IBM aliieleza mwaka 1982, na bado inatumika kila mahali. Lakini huku mtu mzima kukaa anaongea na simu peke yake mbele ya mgeni ni jambo geni. Wazee walibonyeza kimya, wakikwama wananitazama usoni, na kimya chao hakikunionyesha tatizo liko wapi.

Dawa ilikuwa kuwakalisha wawili kwenye simu moja. Naomi Miyake, mtafiti wa Japani, alichapisha mwaka 1986 uchunguzi wa watu waliokaa wawili wawili kujaribu kuelewa cherehani inafungaje uzi; kila mmoja alipojaribu kumweleza mwenzake, ikaonekana wazi anaelewa mpaka wapi. Nikawaalika watu na wenzao wa kawaida: mke na mume, jirani na jirani, bibi na mjukuu. Hapo maneno yalitoka bila kuombwa.

"Bonyeza hapo penye gunia."

"Bibi, hilo siyo gunia, ni pochi."

"Mimi naona gunia. Kilo zangu zitakuwa humo."

Mchoro ule tuliuweka kwa ajili ya malipo. Sijui kama kuna swali ambalo lingenipa jibu hilo. Na jambo la maana zaidi ni kwamba bibi na mjukuu hawakuwa wawili kwa sababu ya jaribio. Nyumbani pia ndivyo simu inavyotumika: mwenye korosho ni bibi, anayesoma ni mjukuu. Mama mmoja aliliweka wazi: "Mwanangu, weka kilo mbele. Pesa ingoje mpaka niiombe mwenyewe, siyo kila anayenisomea aione." Kiasi cha pesa tukakiondoa kwenye skrini ya kwanza.

Namna ya kutoa kazi inataka uangalifu. Kama kitufe kimeandikwa "Malipo", usimwambie mtu "angalia malipo yako", maana atatafuta neno tu na atalipata. Mimi nilisema: "Jirani yako anasema pesa ya mnada uliopita imeshaingia. Ninyi mtajuaje kama yenu imeingia?" Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu mzee akikuuliza "mjukuu wangu, nibonyeze hapa?" na wewe ukakaa kimya, unaonekana huna malezi. Kwa hiyo baada ya shikamoo, kabla simu haijaguswa, nilieleza kwamba tunaipima programu, hatumpimi mtu. Kwamba wakiniuliza nitawarudishia swali, na nikaomba radhi mapema kwa hilo. Wakikubali, wanakubali kweli, na wengine hukumbushana wenyewe: "Mwache, amesema hajibu."

Skrini za mwanzo zilikuwa za karatasi, zimechorwa kwa kalamu ya risasi, nami nikibadilisha karatasi kila kidole kinapogusa. Karatasi inawapa watu ujasiri. Kitu kinachong'aa kwenye simu huonekana kimekwisha, ila mchoro wa penseli mtu anauchukua na kusogeza vitu. Mwenyekiti mmoja mstaafu wa chama aliniomba kalamu akachora mstari wa makato mwenyewe.

Makato ndiyo yaliyotufundisha zaidi. Sisi tulionyesha kiasi kilichoingia benki, tukaona imetosha. Lakini karibu kila jozi ilitoa risiti ya karatasi, kwenye pochi au kwenye fundo la kanga, ikailaza kando ya simu. Wanaijua bei ya mnada, wanaijua idadi ya kilo, wanazidisha, halafu wanakuta pesa iliyoingia ni pungufu. Hata kama hesabu ni sahihi, skrini isiyoonyesha tofauti imetoka wapi inaonekana inaficha. Tukapanga upya kila kitu kwa mpangilio wa risiti: kilo, daraja, bei, makato moja moja, ndipo kilichobaki.

Dodoso nililitumia kidogo. Lile la John Brooke la mwaka 1986, la kupima kama mfumo ni rahisi kutumia, lenye kauli 10 zinazopishana za kusifu na za kukosoa, huleta alama kati ya 0 na 100. Kwa mtu anayesomewa, kauli ya kukanusha ikifuata ya kukubali inamchosha, na adabu ileile inarudi. Nilirekodi zaidi nani alimaliza kazi, nani alisaidiwa, na wapi vidole vilisita.

Kuhusu idadi ya watu wa kupima nao, Jakob Nielsen, mtaalamu wa upimaji wa aina hii, alieneza hesabu kwamba watu 5 hufichua takribani asilimia 85 ya matatizo. Mimi naiamini pale tu watumiaji wanapofanana. Anayesoma mwenyewe, anayesomewa, na karani wa chama ni makundi tofauti. Kila moja linataka watu wake wachache, unarekebisha, unarudi tena. Na upimie nje, juani pale penye mizani ya chama, siyo ofisini tu: maandishi yetu ya kijivu yalipotea kabisa pale.

Ufuta ukianza kuuzwa tutaipeleka Nachingwea. Michoro ya karatasi ninaianza upya kwa ajili yao, kwa sababu risiti nitakazowekewa kando ya simu huko sijaziona bado.