Simu imekataa kidole changu

Jumapili, usiku

Simu imenikataa tena. Nimeweka gumba, imetikisika. Nimeweka kidole cha shahada, imetikisika. Mwishowe nimeingiza namba ya siri kama mwizi aliyebahatisha. Alama za vidole zimelika, ncha zinang'aa kama zimepigwa msasa, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kimefungwa plasta. Kwa hiyo haya yameandikwa kwa vidole tisa na kinyongo kidogo.

Kisa ni lile lile jiwe. Leo ni wikendi ya sita.

Nikisema napanda miamba, watu huona kichwani mtu ananing'inia kwenye kamba, chini yake bonde. Mimi sipo huko. Sisi wa mawe mafupi hatuna kamba. Tuna viatu vinavyobana, mfuko wa chaki, godoro la kuangukia na mwenzako wa kukuelekeza mgongo unapokuja chini. Jiwe langu halifiki hata mita tano. Tangu kukaa chini na kushika mshiko wa kwanza hadi kusimama juu, mtu anayelijua hatumii dakika nzima. Hiyo dakika ndiyo ninayoihangaikia kwa wiki sita.

Mishiko minne ya mwanzo sasa naipita hata nikiwa nawaza mengine. Shida ni wa tano. Ni ukingo mwembamba wa graniti, unaingiza nusu ya pingili ya kwanza basi, na juu yake kuna chembe moja nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, iliyokaa pale pale inapotua ncha ya kidole changu cha kati. Nikisogea kushoto kuikwepa, mguu wa kulia unachomoka. Nikisogea kulia, nyonga inafunguka kama mlango na jiwe linanitema. Lazima nikae juu ya chembe ile, nivute, niinue mguu wa kushoto hadi usawa wa goti, kisha nirushe mkono kwenye ukingo wa juu. Kila nikirusha na kukosa, uzito wangu wote unakaa kwenye ile chembe kwa kitambo kidogo kabla sijaachia. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Nilidhani gogo ni jiwe.

Nilipoanza nilidhani mchezo huu ni wa misuli. Nilipiga mazoezi ya kujivuta hadi mabega yakawa hayapiti vizuri kwenye mashati ya zamani. Siku hizi misuli haiwi ya kwanza kunirudisha nyumbani. Kinachoamua siku imeisha ni ngozi. Mikono inaweza kuwa na nguvu ya majaribio ishirini mengine, lakini ncha za vidole zikishageuka nyekundu na kuanza kutoa umajimaji, hata ukipaka chaki mfuko mzima utateleza tu.

Na sugu nene si dawa, ingawa niliamini hivyo kwa mwaka mzima na nikajivunia viganja vyangu vya mkata kuni. Sugu iliyoinuka hukamatwa na ukingo wa jiwe ikafunuka yote kama kifuniko, na chini yake kuna nyama mbichi. Sasa nina tupa ndogo ya kucha ninayosugulia vidole kila jioni, na nta ninayopaka kabla ya kulala, si kabla ya kupanda. Ngozi inayotakiwa ni kavu, tambarare, na bado inakunja. Najua inavyosikika, mtu mzima kuhudumia vidole kama mpiga kinanda.

Chaki yenyewe si ile ya ubaoni. Ni kaboneti ya magnesiamu, ile wanayopaka wanamichezo wa viungo wakitaka kushika vyuma. Anayetajwa kuileta kwenye mawe ni John Gill, Mmarekani aliyekuwa mtu wa mazoezi ya viungo na baadaye profesa wa hisabati, miaka ya 1950. Inakausha jasho, basi. Haiongezi ngozi. Wala haisaidii joto likipanda: mpira wa kiatu na ngozi ya kidole vyote hushika jiwe vizuri zaidi penye ubaridi, ndiyo maana watu wa mchezo huu hushangilia asubuhi za baridi ambazo wenzao wote wamejifunika.

Nikijihurumia huwa namkumbuka Kevin Jorgeson, mpanda miamba wa Marekani. Mwishoni mwa Desemba 2014 yeye na mwenzake Tommy Caldwell walianza kuupanda Dawn Wall, upande wa jabali la El Capitan kule Yosemite, Marekani, ukuta wa takriban mita 900. Walichagua majira ya baridi makusudi, na sehemu ngumu walizipanda usiku kwa taa za kichwani, kwa ajili ya huo huo ubaridi. Jorgeson alikwama kwenye kipande cha 15 cha njia hiyo karibu wiki nzima. Ncha za vidole zilichanika, na siku nyingine alichofanya ni kukaa tu ndani ya hema lililoning'inia ukutani, akingoja ngozi ifunge. Caldwell, ambaye alishapita hapo, akamsubiri. Walifika juu tarehe 14 Januari 2015, siku ya 19. Na Caldwell alifanya yote hayo akiwa na kidole cha shahada cha kushoto kilichokatwa na msumeno mwaka 2001. Mimi nalalamikia plasta.

Sehemu ya hadithi hiyo inayonishinda si ukuta. Ni kile kitendo cha kukaa hemani. Kuwa na jiwe mbele yako, nguvu mwilini, hali ya hewa nzuri, halafu usiguse.

Maana leo sikuweza. Nilifika mapema, baridi ipo, vidole vimepumzika siku nne. Kwa hesabu yangu nilikuwa na majaribio manne mazuri, labda matano. La kwanza nikafika ukingo wa juu na vidole viwili, nikaanguka nikicheka. Kisha wakaja vijana watatu na godoro lao. Mmoja, ambaye sidhani ameanza kunyoa, akauliza kama anaweza kujaribu. Akakaa, akapanda, akapita mshiko wa tano kama anapita kizingiti cha mlango, akasimama juu. Mara ya kwanza. Akashuka akaniambia, kwa adabu kabisa, "Shikamoo, samahani, ni jiwe zuri sana hili."

Nikaitikia marahaba. Halafu, badala ya kukaa, nikahamia jiwe la pembeni ambalo nalijua tangu zamani, nikalipanda mara tatu mfululizo mbele yao. Hakuna aliyeniomba. Mara ya pili nililipanda bila kutumia mguu mmoja. Naandika hili hapa ili nilisome tena siku nikitaka kusema nimekua.

Niliporudi kwenye langu, ncha zilikuwa zimeshakuwa za waridi. Dada ninayepanda naye, aliyenitangulia kwenye mchezo huu kwa miaka mingi, akaniangalia mkono bila kuushika.

"Mdogo wangu, mkono huo umekwisha. Vua viatu."

"Dada, mara moja tu."

"Hata wiki iliyopita ilikuwa mara moja tu."

Alisimama nyuma yangu hata hivyo, mikono mbele, tayari. Nilivuta, chembe ikaingia palepale, na nikasikia kitu kama karatasi inachanwa. Nilipotua godoroni kidole kilikuwa kimepasuka mstari mmoja safi kutoka ncha hadi karibu na mkunjo. Damu ilibaki kwenye mshiko, doa dogo. Dada akanipa chupa ya maji na brashi bila neno, maana damu yako unaisafisha mwenyewe.

Ningeweza kuumia vibaya zaidi. Mwaka juzi, kwa mtindo huu huu wa "mara moja tu", kidole cha pete kililia "tak" na nikakaa miezi minne bila kushika jiwe. Kano za vidole hushikiliwa kwenye mfupa na vipete vigumu, na vile vipete vikichanika kano huinuka kama uzi wa upinde. Misuli hukua upesi, kano na vipete vyake hukokota nyuma. Kwa hiyo huenda ngozi nyembamba imenikinga na makubwa. Sijaishukuru bado. Inawasha.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilizunguka nyuma ya jiwe ambako kuna mteremko mwepesi, nikapanda kwa viatu vya kawaida hadi juu. Wiki sita na sikuwahi kufanya hivyo, nilikuwa nimejiapiza kufika pale kwa njia ya mbele tu. Nikalala kifudifudi, nikanyoosha mkono chini kwenye ule ukingo ninaourushia. Pale ninapogonga kila siku ni pa mviringo, laini, hapana kitu. Kiganja kimoja kushoto kwake kuna kishimo kama kidimbwi, kimejaa mchanga na majani makavu. Nikakisafisha kwa brashi. Vidole vinne vinaingia hadi pingili ya pili.

Yule kijana sijui kama alikiona au alishika tu ile laini. Sikumuuliza, walishaondoka.

Nimeweka alama ndogo ya chaki chini ya kile kidimbwi, na dada amenikumbusha niifute tukimaliza. Plasta naibadilisha kesho. Hadi Jumamosi ni siku sita, na mpasuko wa aina hii kwangu huchukua saba.