Nilivyoitengeneza sauti ya ekzosi ya Altezza yangu bila kumaliza mshahara

Niliponunua Toyota Altezza RS200, iliyokwisha kutumika miaka mingi Japani na kisha mingine kadhaa hapa Dar es Salaam, nilijua kwamba ninanunua injini zaidi ya gari lenyewe. Injini hiyo ni 3S-GE ya lita 2.0, yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ambayo kwa gari la gia za mkono ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 210, na huzitoa zote pale mshale wa mizunguko unapokaribia 7,600. Injini ya namna hiyo inastahili sauti yake. Gari langu lilikuwa na sauti ya bodaboda iliyotoboka sailensa, na aliyenithibitishia hilo ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye asubuhi moja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniuliza, "Mwanangu, hilo gari lako linakohoa tangu lini?"

Kikohozi hicho nilikuwa nimekinunua mwenyewe. Miezi michache kabla ya hapo niliingia duka moja Kariakoo, nikatoa shilingi 85,000 kwa sailensa mpya inayong'aa, yenye mdomo mpana kama kikombe cha uji, na fundi akakata ile ya asili na kuchomelea hiyo mpya kwa muda usiozidi saa moja. Wiki mbili za mwanzo nilifurahi, kwa sababu kelele ilikuwa kubwa na mimi wakati huo nilidhani kelele na sauti nzuri ni kitu kimoja. Baada ya miezi miwili mlio ukawa mkali, mkavu, wa bati, na kila nilipokanyaga mafuta nilisikia kama mtu anachana turubai.

Baadaye nilipoitoa sailensa hiyo niliipasua kwa grenda ili nione kilichomo. Ndani mlikuwa na bomba lililotobolewa matundu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kulizunguka palipaswa kuwa na sufi ya kioo iliyoshindiliwa, kwa kuwa katika sailensa za aina hii, ambazo moshi hupita moja kwa moja bila kugonga kuta, kazi yote ya kupunguza ukali hufanywa na sufi hiyo: sauti hupenya matundu, huingia kwenye nyuzi na kufia humo ikiwa joto. Yangu ilikuwa imebakiwa na ngumi moja ya sufi iliyoungua na kuwa nyeusi kwenye kona. Nyingine yote ilikuwa imepeperushwa na moshi na kutokea nyuma, kidogo kidogo, kila siku niliyojisikia fahari barabarani.

Hata hivyo, hiyo sailensa haikuwa mkosaji peke yake. Mtu mmoja ambaye amefanya kazi za ekzosi kwa miaka mingi aliniambia nisinunue chochote kabla sijatafuta mahali panapovuja, na huo ndio ushauri uliookoa pesa zangu kuliko mwingine wowote. Tulifanya kazi hiyo asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na nyufa ndogo hujifunga zenyewe. Aliwasha gari, akaniambia nizibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kilicholoweshwa maji kwa sekunde chache tu, naye akalala chini akiwa na chupa ya maji ya sabuni, akinyunyizia kila maungio ambayo hayajapata moto. Kwenye maungio ya kati povu lilichemka kama maziwa. Kwenye flenji, yaani maungio bapa ya boliti, inayounganisha manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na bomba la mbele hatukuhitaji hata sabuni, kwani palisikika tiki-tiki-tiki ya haraka kama cherehani, ambayo ilififia taratibu kadiri injini ilivyopata joto na baada ya dakika tano ikawa imetoweka. Ndiyo maana kila nilipopeleka gari kwa fundi mchana, likiwa limetoka kwenye foleni, hakuna aliyesikia kitu.

Gasketi mbili, boliti nne mpya zenye springi na kuchomelea ufa mmoja vilinigharimu shilingi 55,000 pamoja na ufundi. Sauti ilibadilika siku hiyo hiyo. Ule mchaniko wa juu ulipungua kwa kiasi ambacho sikukitarajia, na mngurumo wa chini, ambao nilidhani injini hii haina, ukaanza kusikika. Nilipata faida nyingine ambayo sikuifuata: pale mbele, kabla ya sensa inayopima oksijeni iliyomo kwenye moshi, ufa huvuta hewa ya nje kati ya pigo moja la moshi na jingine, sensa hudhani injini inakosa mafuta, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Nilikuwa ninalipia kikohozi changu kila nilipofika kituo cha mafuta.

Katika pitapita hizo, mafundi watatu tofauti walinishauri jambo moja. "Bosi, tutoe masega tu, gari ipumue," alisema mmoja, akiwa ameshashika grenda mkononi. Masega ni lile tofali la matundu madogo lililomo ndani ya katalisti, kile kikopo kinachosafisha moshi, na ni kweli kwamba ukilitoa sauti huongezeka, lakini huongezeka kwa ukali na kwa harufu ya petroli isiyoungua, na mara nyingi taa ya cheki injini huwaka kwa sababu sensa ya pili haioni tena kazi ya kusafisha moshi. Yafaa pia kujua kwamba masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye bei kubwa, na wanunuzi wake wanajulikana. Fundi anayekushauri uyatoe bure, kisha akayaweka pembeni kwa uangalifu kuliko anavyoweka spana zake, hajakufanyia hisani. Yangu yapo mpaka leo, na kile kikopo cha katikati, rezoneta, nacho nilikiacha mahali pake, maana ndicho kinachokata milio ya juu inayokera masikio.

Kuhusu unene wa bomba nitasema kwa ufupi. Nilishauriwa kuweka bomba la inchi 3 kuanzia mbele hadi nyuma. Kwa injini ya lita 2.0 isiyo na tabo (turbo), inchi 2.25 hadi 2.5 zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo moshi hupoteza mwendo kwenye mizunguko ya chini na sauti huwa kama ya ngoma tupu. Nilikataa pia bomba la maji lililopakwa zinki, ambalo mafundi wengi hulipenda kwa kuwa ni rahisi kupatikana, kwa sababu zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa jioni yake, na sikutaka sauti ya gari langu itokane na mapafu ya mtu.

Sailensa niliyoiweka hatimaye ni ya mtumba. Kwenye maduka ya spea zilizotumika, mitaa ya Gerezani, huletwa sailensa za michezo zilizofunguliwa kwenye magari ya Japani, na kati yake nilitafuta yenye kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa za michezo wa Japani, kwa kuwa kibati hicho maana yake ni kwamba ilipotengenezwa ilikidhi viwango vya kelele vya kule. Nilikwenda na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio. Chuma cha pua cha daraja la 304 hakishiki sumaku, ingawa kipo cha daraja la chini, kinachotumika sana kwenye ekzosi, ambacho hushika, kwa hiyo sumaku hukupa dokezo, haikupi hukumu. Niligonga kila moja kwa kifundo cha kidole: iliyokwisha sufi hulia kama debe, na iliyojaa hujibu kwa sauti fupi, nzito. Muuzaji alianza na shilingi 300,000, nami niliondoka na mzigo wangu kwa 180,000 baada ya kurudi mara tatu.

Ilipofungwa, mjini ilikuwa raha tupu. Kwenye barabara ya Morogoro, gia ya sita, mizunguko ikifika karibu 3,000, gari zima lilijaa mvumo mzito ulionikaa nyuma ya macho hadi Chalinze. Mke wangu alisema, "Baba, kama utaliacha hivi, mimi nitapanda basi." Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ndogo ambayo ningependa kila mwenye gari la namna hii aijue. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili katika kila mzunguko, hivyo mizunguko 3,000 kwa dakika ni mapigo 100 kwa sekunde, na programu ya bure ya simu ya kuchora mawimbi ya sauti ilinionyesha kilele palepale, kwenye 100. Mvumo huo huweza kuuawa kwa kitawi cha bomba kilichozibwa mwisho, chenye urefu wa robo ya wimbi lake: sauti huingia, hugonga mwisho, hurudi ikiwa imepinduka na kujifuta yenyewe mlangoni.

Ndani ya moshi wa nyuzi 300 hivi sauti husafiri karibu mita 480 kwa sekunde, na robo ya wimbi ikawa mita 1.2. Fundi alichomelea kitawi hicho kabla ya sailensa ya nyuma, akakikunja kama herufi J kufuata mkondo wa bomba kuu, lakini nilipojaribu barabarani mvumo ulikuwa umekufa kwenye 2,700 huku ule wa 3,000 ukiendelea kuunguruma kama kawaida. Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwamba moshi uliomo kwenye kitawi umesimama, haupiti, kwa hiyo ni wa baridi kuliko ule wa bomba kuu, na sauti ndani yake huenda polepole zaidi, hivyo kitawi kilikuwa kirefu mno. Tulikata sentimeta 10, tukaziba tena. Mvumo ulitoweka, na mke wangu alilala usingizi kuanzia Kibaha. Kitawi nacho kiinamie kwenye bomba kuu, la sivyo maji ya moshi hutuama mwishoni na kutu hukitoboa.

Bomba la kitawi na ufundi wake, pamoja na kukirudia, vilikuwa shilingi 70,000. Ukijumlisha na gasketi na sailensa ya mtumba ni 305,000, bila kuhesabu zile 85,000 za mwanzo, ambazo bado zinaniuma. Kinachonisumbua sasa ni dakika mbili za kwanza asubuhi, wakati injini baridi inapozunguka kwa kasi ili katalisti ipate moto haraka, kwani hapo gari hunguruma kuliko ninavyopenda kwa saa kumi na moja alfajiri. Kwa kuwa ua wetu una mteremko mdogo kuelekea getini, huwa ninatoa breki ya mkono, ninaliacha gari liteleze lenyewe hadi barabarani, na ninaliwashia huko.