Kwa Nini 37?

Mwaka wangu wa pili wa kazi ya ushauri wa masomo, niliamini transkripti, ile karatasi ya alama za mwanafunzi, kama watu wanavyoamini kusomwa kiganja. Mwanafunzi hajakaa kitini, jibu ninalo.

Yule binti alikuwa muhula wa tatu, katika chuo cha Marekani kinachofuata sanaa huria: huchagui fani siku ya kwanza, unaonja sayansi, historia, falsafa, na mwisho wa mwaka wa pili ndipo unatangaza. Kuonja nako kuna kikomo, krediti 120, zile alama za masomo za kuhitimia, hazimngoji mtu, ndiyo maana tukawekwa washauri. Alitaka udaktari. Kemia mbili, zote C. Historia ya magonjwa, A. Nikamweleza kwamba vyuo vya udaktari vya huko havidai fani ya biolojia, mradi masomo yao ya lazima umeyapita. Basi achukue historia. Fomu nilimjazia kwa mkono wangu.

"Sawa, mwalimu."

Ile "sawa" ilikuwa nyepesi mno. Sikuisikia.

Wiki ya tatu ya muhula uliofuata alirudi. "Mwalimu, barua za mabalozi zinanilaza usingizi."

Kumuuliza mwanafunzi anapenda nini hakujawahi kunipa jibu la maana. Wengi hukutajia kile wanachodhani unataka kukisikia. Nikamuuliza ni ukurasa gani wa lile somo la magonjwa aliourudia bila kuagizwa na mtu.

Akatoa daftari. John Snow, daktari Mwingereza, kipindupindu cha London, 1854. Nikajiandaa kusikia habari za pampu ya Broad Street, ile ya maji aliyoitaja kuwa chanzo cha ugonjwa, ambayo kila mtu huisimulia. Hakuigusa. Alikuwa na jedwali. Snow alilinganisha nyumba za kampuni mbili za maji: moja ikichota mto Thames palepale mjini, penye uchafu, nyingine imehamishia mitambo yake juu ya mto. Katika kila nyumba 10,000, kule vifo 315, huku 37. Binti alikuwa ameirudia mwenyewe hesabu ya kampuni ya pili: vifo 98, nyumba 26,107.

"Inakuja 37.5 na ushee. Kwa nini aliandika 37, asiandike 38?"

Sikujua. Nilichokijua ni kwamba mtu aliyechoshwa na barua za mabalozi alikuwa amekesha akigombana na desimali ya marehemu. Tangu sekondari aliambiwa hesabu si zake, naye akakubali. Mimi nami niliiona B ya hisabati kwenye transkripti, nikairuka kama dimbwi.

Muda wa kubadili masomo ulikuwa umepita kwa siku mbili. Tukaenda pamoja kwa mwalimu wa takwimu kumwomba. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumtetea. Sikupata nafasi ya kuyasema. Binti alifungua daftari, akauliza swali lake lilelile, na mwalimu akavuta karatasi, akaanza kugawanya.

Nikabaki mlangoni na fomu mkononi, tupu.