Kushuka Maunga Pu'i juu ya Mgomba

Kwetu gogo la mgomba hukatwakatwa likapewa ng'ombe. Rapa Nui, kisiwa ambacho ramani zetu hukiita Kisiwa cha Pasaka, nimeliona likibeba mtu mzima kwa mwendo unaofikia kilomita 80 kwa saa.

Gharama kwanza, maana ndizo zinazouma. Tapati Rapa Nui, tamasha kubwa la kila mwaka la kisiwa hicho, huchukua kama wiki mbili za mwanzo wa Februari, na kutoka Santiago, mji mkuu wa Chile, ni saa tano na ushee za kuruka juu ya maji matupu. Kabla ya kupanda ndege uwe umejaza fomu ya kuingia kisiwani, una tiketi ya kurudi, na una chumba katika nyumba ya wageni iliyosajiliwa au barua ya mwaliko ya mwenyeji. Mgeni hakai zaidi ya siku 30. Vyumba vya Februari hujaa miezi mingi kabla, na anayechelewa huishia kulipia kitanda bei ya nyumba. Dukani Hanga Roa, mji pekee kisiwani, vitu vingi vimetoka bara, na bei haikuachi usahau. Tiketi ya hifadhi hudumu siku 10, lakini Rano Raraku na Orongo, maeneo mawili ya kale, unaingia mara moja tu, tena na mwongozaji; usiichome siku ya kwanza kwa pupa. Nafuu ni kwamba mashindano mengi hutazamwa bure.

Zamani wasichana wawili ndio walioshindania taji la malkia, kila mmoja na ukoo wake nyuma yake. Kila kitu kina alama: kuchonga, kuvua, kushona mikufu ya makombe, kuimba riu, yaani nyimbo za jadi, na kaikai, ile michezo ya uzi vidoleni inayoendana na mashairi. Ya usiku hufanyika jukwaani Hanga Vare Vare, ukingoni mwa bahari, na huvuka saa sita. Beba koti. Upepo wa pale haujui kwamba ni kiangazi.

Sasa haka pei, mashindano ya kushuka mlima juu ya mgomba. Mteremko wa mlima huo, Maunga Pu'i, una kama mita 300, na mwinuko wake ni wa nyuzi 45 hivi. Ukisimama chini unaona washindani kama siafu ukutani. Chombo ni magogo mawili ya mgomba yaliyolazwa sambamba, yakaunganishwa kwa vijiti vilivyopenyezwa na kukazwa kwa kamba. Hakuna usukani wala breki. Mshindani hujilaza chali, miguu mbele, hana nguo zaidi ya winda wanaloliita hami, na mwili umepakwa kie'a, udongo mwekundu. Anayefika mbali zaidi bila kutupwa ndiye mshindi.

Siri yote imo kwenye gogo. Mgomba si mbao: ni maganda yaliyokumbatiana, yamejaa maji. Likiwa bichi, ganda la nje huteleza kwenye nyasi kama sabuni. Likinyauka, nyuzi zinatokeza na kukamata ardhi, na wakati huohuo gogo linasinyaa, kamba iliyokuwa imekaza inalegea. Ndiyo maana hukatwa karibu na siku yenyewe, na kamba hukazwa tena kileleni.

Kijana mmoja alishuka vizuri hadi katikati. Pale nyasi zinapopisha vijiwe vya volkano, gogo la kushoto liligonga kitu, kijiti kikachana nyama laini ya mgomba, na magogo yakaachana kama miguu ya mtu aliyeteleza msalani. Alibaki ameng'ang'ania la kulia, linazunguka naye, kisha likamtupa. Gogo lilifika chini peke yake, mbali kuliko la yeyote siku hiyo, na watu wakalishangilia. Naye aliinuka, mgongo umechubuka kuanzia bega hadi kiunoni, rangi na damu havitofautishiki, akainua mkono. Gari la wagonjwa linasubiri pale chini, na halikai bure.

Nimekulia kwenye migomba na sikuwahi kufikiria gogo lake lina mbele na nyuma.

Tau'a, mashindano ya hatua tatu, kwa miaka mingi ilifanyika ndani ya kreta ya Rano Raraku, machimbo ya moai, zile sanamu kubwa za mawe. Washindani walivuka ziwa kwa mtumbwi wa matete, wakakimbia kulizunguka wakiwa peku na mikungu miwili ya ndizi mabegani, kama kilo 20, kisha wakaogelea juu ya pora, boya la matete. Mkungu usiposawazishwa ulimvuta mkimbiaji kwenye tope, na wengi waliishia hapo.

Mtumbwi wao wenye tengo, ule ubao wa pembeni unaouzuia usipinduke, huitwa vaka ama na una tengo moja, ilhali ngalawa yetu ina mawili. Lakini ufundi huo wa tengo watu wa pwani tunaaminika kuupata kwa mabaharia wa jamii hiyohiyo ya lugha, waliofika hadi Madagaska. Karibu yangu ukingoni watoto walikuwa wakihesabu wakimbiaji: tahi, rua, toru, ha, rima, ono, hitu, va'u. Mmalagasi husema roa kwa mbili, telo kwa tatu, fito kwa saba, valo kwa nane. Walipofika iva, tisa, kipaza sauti kikawafunika.